Mpira wa Kupanda Haupandi

Najua nimeadimika. Wiki tatu nzima sijaandika kitu, na wale wenye namba yangu wameshaanza kuulizana kama nimeolewa kimyakimya. Sijaolewa. Nilikuwa likizo, Bendera, kwa bibi mzaa mama, narekebisha mkono.

Wengi mkisikia Same akili inakwenda moja kwa moja kwenye barabara kuu ya Arusha, pale basi linaposimama watu wachimbe dawa. Bendera siyo huko. Bendera iko upande wa mashariki wa milima ya Upare Kusini. Ukitokea Same unapita Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio. Ukitokea Dar unachepukia Mkomazi. Milima iko nyuma ya nyumba, tambarare iko mbele, na joto liko kila mahali. Ndugu zetu wa juu milimani wanavaa masweta, sisi wa chini tunagombea kivuli cha mwembe.

Sasa huo mkono una nini? Haujavunjika. Mwaka wa tatu huu nacheza softiboli, nafasi ya mrushaji, na mwalimu wetu alinipa kazi moja kabla ya mashindano: nijifunze kurusha mpira wa kupanda. Mpira wangu wa kushuka wameshauzoea, wananisubiri chini na magongo yao (gongo la kupigia, siyo lile la kunywa). Nikikosa cha kuwapa juu, nitakaa benchi kuwashika wenzangu chupa za maji. Ndiyo maana likizo yangu yote niliibeba ndani ya begi: mipira miwili, glovu mbili, na tepu nyeusi ya umeme.

Kwa wageni wa mchezo, nieleze kidogo. Softiboli ni ndugu wa besiboli, na jina lake linadanganya, maana mpira wenyewe siyo laini hata kidogo. Uzito wake ni kati ya gramu 178 na 198, mduara wake sentimita 30 hivi, na ukikupata kwenye ugoko utakumbuka jina la mwalimu wako wa chekechea. Mrushaji hatupi kwa juu kama anayerusha jiwe. Anazungusha mkono duara zima, juu, nyuma, chini, na kuuachia mpira hapo karibu na nyonga. Kutoka kwenye ubao wa mrushaji mpaka bamba la mpigaji ni mita 13 na kidogo kwa wanawake wa ngazi ya kimataifa. Hapa nchini besiboli ya sasa ilianza mwaka 2012 kwa msukumo wa Wajapani, kwenye shule za sekondari za Dar es Salaam, na softiboli ya wasichana ikaja nyuma yake.

Babu, mdogo wake bibi, nilipomweleza habari hii aliniuliza, "Wajapani hao hao wa Ndungu?" Nikacheka, lakini swali lake lina mantiki. Skimu ya umwagiliaji ya mpunga pale Ndungu ilijengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Kwa Babu, Mjapani ni mtu anayekuja na mfereji. Kwamba anaweza kuja na mpira pia, hilo lilimchukua muda kulimeza.

Haya, turudi kwenye mpira. Nianze na siri yenyewe: mpira wa kupanda haupandi.

Najua kuna watakaonibishia, maana mpigaji yeyote aliyesimama mbele yake ataapa kwamba aliuona ukiruka juu ya gongo lake. Lakini tupige hesabu. Mpira ukienda kwa kilomita 90 kwa saa unamfikia mpigaji kwa muda usiofika nusu sekunde. Katika muda huo mdogo, dunia inauvuta chini kiasi cha mita moja. Kila mpira, bila upendeleo. Kwa kuwa mrushaji anauachia chini, karibu na nyonga, mpira unaolenga kifua lazima uende kwa mshazari wa kupanda, hilo halina ubishi. Ila kuukunja njiani upande zaidi ya ule mstari ulioanza nao, hapo ungehitaji hewa iunyanyue kwa nguvu inayozidi uzito wake wote. Wanafizikia waliopima mipira ya warushaji hodari wanasema nguvu hiyo haifikiwi.

Sasa mpigaji anaona nini? Anaona mpira unaokataa kushuka kama ilivyotarajiwa. Ukizungushwa kinyumenyume, yaani upande wake wa juu ukirudi kwa mrushaji, mpira unaisukuma hewa chini na hewa inaujibu kwa kuusukuma juu. Hiyo ndiyo nguvu ya Magnus, jina la Mjerumani aliyeionyesha miaka ya 1850. Kama uliona frikiki ya Roberto Carlos dhidi ya Ufaransa mwaka 1997, ni jambo lile lile, ila yule aliuzungusha mpira kwa ubavu ukakunja kwa ubavu. Huu wetu unazungukia nyuma, kwa hiyo unapunguziwa safari ya kwenda chini. Badala ya kushuka mita nzima, unashuka pungufu ya hapo. Jicho la mpigaji limeshapiga hesabu ya mita nzima, gongo limeshaondoka, na mpira unapita juu yake.

Mwaka 2004, Mmarekani Jennie Finch alirusha mbele ya wapigaji wakubwa wa besiboli ya kulipwa ya wanaume, akina Albert Pujols na Mike Piazza. Hawakuugusa. Watu wale wanapiga mipira yenye kasi kubwa zaidi kila siku ya Mungu, lakini macho yao yalizoea mpira unaotoka juu na kushuka. Huyu aliwaletea kitu kinachotoka chini, wakabaki wanapiga hewa.

Kwa hiyo kazi yote iko kwenye mzunguko, na hapo ndipo ulipokuwa mzigo wangu. Mpira unaweza kuzunguka sana na usipate faida yoyote. Ukizunguka kama risasi, mhimili wake ukimtazama mpigaji, hewa haina cha kuunyanyulia. Unapita ulipo na unapigwa. Warushaji wengi wanaodhani wana mpira wa kupanda wana mpira wa risasi uliorushwa juu. Ndivyo mkono unavyopenda wenyewe: ukiulegeza upite karibu na paja, kiganja kinajigeuzia ndani, vidole vinauzungusha mpira kwa ubavu. Kuupata ule mzunguko wa kurudi nyuma ni kuukatalia mkono tabia yake.

Unaukatalia vipi? Kidole cha shahada unakikunja, ncha yake inachimba kwenye mshono. Kidole cha kati kinalala kando ya mshono, gumba linashika upande wa pili. Mkono unaposhuka, kiganja kinatangulia chini ya mpira kikitazama nje, mbali na paja, na pale nyonga ilipo vidole vinaukata mpira kwa chini, kifundo kikigeuka kama mtu anayezungusha kitasa cha mlango kwenda nje. Mguu wa mbele lazima ukaze, uwe kama nguzo. Kiwiliwili kinabaki nyuma kidogo, bega la mkono unaorusha likiwa chini ya lile lingine. Ukiinama mbele kuufuata mpira, vidole vinapanda juu yake, na wewe umeshapoteza.

Ukisoma aya hiyo inachukua nusu dakika. Kuifanya kwa mwendo wa kawaida, yote kwa pamoja, ndiyo iliyonipeleka Bendera.

Kule nilikuwa na ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama mdogo, nilikuwa na mita 13 nilizozipima kwa kamba, na nilikuwa na mdakaji. Mdogo wangu huyu, binti wa mama mdogo, ana miaka 13, alikuwa anasubiri matokeo ya darasa la saba. Ni mfalme wa rede pale mtaani. (Malkia, sawa, lakini mwenyewe anasema mfalme.) Kwa waliokulia mahali pasipo na rede, poleni sana: wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi kuukuu, mmoja yuko katikati anakwepa. Mtoto aliyekwepa rede miaka saba haogopi kitu kinachomjia usoni. Nilimvisha glovu, nikaanza kumrushia taratibu, siku ya tatu akaniambia, "Dada, rusha basi kama mtu mzima."

Ile tepu ya umeme niliizungusha kwenye mpira mara moja, mstari mmoja mweusi juu ya manjano. Mpira ukizunguka vizuri kurudi nyuma, mdakaji anaona mstari umesimama wima, umetulia, kama umechorwa. Ukienda kama risasi, mstari unazunguka mbele ya macho yake kama panga boi. Mrushaji mwenyewe haoni vizuri. Anayeona ni anayedaka. Kwa hiyo mwalimu wangu kwa wiki tatu akawa mtoto wa miaka 13 anayepiga kelele "Panga boi!" kila baada ya sekunde kumi na tano. Siku ya kwanza nilirusha mipira 20, mstari ulisimama mara 4.

Babu alikuwa anakaa kwenye kigoda chake anatutazama. Siku ya tano akasema, "Unabana." Nikamuuliza nabana nini. Akasema mkono wote, toka begani. Babu alikulia kwenye mashamba ya mpunga akiamia ndege, na silaha yake ilikuwa kombeo. Akanieleza kwamba kombeo ukilikaza linakupiga wewe mwenyewe. Unaliacha lizunguke kwa uzito wake, kazi yako ni kujua wakati wa kuachia, basi. "Ndege hafi kwa misuli," akasema.

Siwadanganyi, wadau, siku ile nilipolegeza bega mpira uliongezeka kasi bila mimi kuongeza nguvu. Ni kweli kombeo halijui habari za mzunguko, jiwe la Babu halikuhitaji kukataa kushuka. Lakini kifundo cha mkono kilichobanwa hakiwezi kugeuka kwa haraka, na bila ile haraka ya mwisho hakuna mzunguko. Babu alinipa nusu ya jibu, tepu ikanipa nusu nyingine.

Na bega lenyewe lilishukuru. Kuna imani kwamba kurusha kwa chini hakuumizi, ni mwendo wa asili, mrushe siku nzima. Siyo kweli. Watafiti waliopima warushaji wa softiboli walikuta nguvu inayolivuta bega inakaribia ile ya warushaji wa besiboli. Mfano unaotajwa sana ni Mjapani Yukiko Ueno. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 alirusha mipira 318 kwa siku moja, mechi mbili, halafu kesho yake akarusha 95 kwenye fainali na kuwafunga Marekani 3–1. Jumla 413. Ni ushujaa, nami nampigia saluti, lakini siyo mpango wa mazoezi. Mimi nilijiwekea mipira 60 kwa jioni, nusu yake ya taratibu ya kuangalia tepu tu, na siku moja kila wiki sikugusa mpira.

Hapo ndipo mama mdogo alipoingia.

Jioni ya kumi hivi alikuja nyuma ya nyumba, akasimama, mikono kiunoni. Hakunisemesha mimi, alimsemesha mwanaye. "Wewe ni mtoto bado? Umemaliza shule, umekua sasa. Wenzako wanajua kupika, wewe unadaka mipira barabarani."

Umekua sasa. Wasichana mnaosoma hapa, mnalijua hilo neno. Nami niliambiwa hivyo hivyo, uwanja ule ule, umri ule ule, na rede yangu ikaishia hapo. Hakuna aliyenipiga wala kunifokea. Niliambiwa tu nimekua, nikaenda kuosha vyombo. Wavulana wa rika langu walikuwa wanaendelea na chandimu mpaka giza linaingia, wakubwa kuliko mimi, na sikumsikia mtu akiwaambia wamekua.

Basi nikamweleza mama mdogo habari za huyo huyo Ueno, kwamba mwaka 2021 alichukua tena dhahabu, Olimpiki ya Tokyo, wakawafunga Marekani 2–0, akiwa na miaka 39.

"Analipwa?"

"Analipwa."

"Na wewe?"

"Silipwi, mama."

Akacheka. Kisha akasema kitu ambacho sijaacha kukifikiria: "Mimi simkatazi mpira. Nakataza watu waseme." Na kweli, mkae mkijua, mama mdogo siyo mtu mbaya katika hadithi hii. Ni mwanamke anayemlea binti peke yake mahali ambapo kila jirani ana maoni. Matokeo yakiwa mabaya, au binti akipata matatizo, lawama hazitakwenda kwa watu wanaosema. Zitakuja kwake.

Tukakubaliana: maji kwanza, kisha mpira. Ndoo nne kutoka bombani, nami nabeba mbili. Nawaambieni, mrushaji anayetaka mguu wa mbele ukaze kama nguzo na abebe ndoo ya lita 20 kichwani kwenye mchanga. Na jua lilipokwenda nyuma ya milima, joto likapungua, tukarusha kwa raha.

Wiki ya mwisho binti akaomba naye arushe. Sikumfundisha mpira wa kupanda. Mtoto anaanza na mpira ulionyooka, mkono uliolegea, basi. Hayo ya kukunja kidole na kukata mshono yatamsubiri mpaka mifupa ikomae. Lakini alikuwa ameshaitazama ile tepu zaidi ya mara elfu moja, macho yake yanajua kizuri kikoje. Alirusha, akaniuliza kabla mpira haujafika kwangu, "Panga boi, eti?" Alijua mwenyewe. Mimi nilitumia miaka miwili kufika hapo.

Jioni yangu ya mwisho nilirusha 20 za kuhesabu. Mstari ulisimama mara 13. Siyo nyingi. Mpigaji mzuri atanisubiri kwenye hizo 7 za risasi na kunipeleka nje ya uwanja. Lakini kutoka 4 hadi 13 kwa wiki tatu, na bega zima, mwalimu ataniruhusu niurushe. Mashindano ni mwezi ujao. Nitawaandikia, hata tukifungwa.

Mpira mmoja na glovu moja nimeviacha Bendera. Mama mdogo ameviweka juu ya kabati, pamoja na vyombo vya wageni, na ufunguo wa chumba anao yeye. Binti anavipata ndoo zikishajaa. Nilipofika Dar nilipigiwa simu nikadhani ni habari za matokeo. Ilikuwa ni malalamiko: wasichana wanne wa jirani wanakuja kila jioni, ukuta wa nyuma lipu imeanza kubanduka, na nani atalipia? Nimemwambia nitatuma hela ya saruji. Hakusema amewafukuza, nami sikuuliza.

Softiboli inarudi Olimpiki mwaka 2028. Sidhani kama kuna mtu kutoka Bendera atakayekuwepo, wala sihitaji awepo ili jambo hili liwe na maana. Mvutano wa dunia ni ule ule kwa kila mtu, hakuna mkono unaoufuta. Ninachojua sasa ni kwamba unaweza kuchelewesha kushuka, kidogo tu, kwa kazi ndogo ya vidole ambayo mtu aliyekaa mbali haioni.

Kwa leo naishia hapa, meza ya habari inaniita. Ila niachieni jibu la swali moja, akina dada hasa: wewe mchezo wako uliishia ukiwa na miaka mingapi, na nani alikuambia umekua?

Wiki njema.